Ukurasa wa Ijumaa

Nilianza na maji.
Karatasi moja, kalamu ya wino mnene,
gundi ya unga wa ngano niliyoikoroga kwenye sufuria ya chai:
MAJI ALHAMISI, SAA KUMI ALFAJIRI. AMKENI.
Nikaibandika kwenye ukuta wa choo cha zamani cha kanjo,
hapa Jericho, mkabala na kibanda cha Mutheu wa mandazi.
Maji hayakuja.
Watu walikuja.

"Kumbe wewe ndiye mwandishi," akasema Odera fundi saa,
kana kwamba nimefungua ofisi.
Akanipa tangazo: paka amepotea, mweusi, sikio limekatika,
ukimwita Waziri huitika.
Wiki iliyofuata nikawa na mchango wa mazishi,
godoro linauzwa (halina kunguni, mwenyewe anaapa),
kijana anatafuta kazi yoyote, yoyote, yoyote,
na chini kabisa nafasi ya vidole vinne, tupu.
Nikaandika: Jana usiku nimemsikia jirani akicheka peke yake.
Nimetamani kukijua kichekesho.

Hapo ndipo nilipojiponza.
Ijumaa baada ya Ijumaa nafasi ile ikapanuka,
ikamsukuma paka, ikalisukuma godoro.
Niliandika juu ya goti langu la kushoto,
juu ya baba aliyelitumikia reli miaka ishirini na sita
akastaafu na saa ya ukutani
ambayo hata Odera imemshinda,
juu ya namna tunavyoitaja serikali
kama watu wanaotaja mvua:
imekuja, haijaja, imeharibu nguo.
Nikauliza: mvua nayo tuliipigia kura lini?

Kerubo, mwalimu mstaafu wa nambari kumi na tisa,
hupita asubuhi na kalamu nyekundu.
Hajawahi kubishana na hoja yangu hata moja.
Husahihisha tu.
"Si *mheshimwa*. Ni *mheshimiwa*.
Ukimsema mtu, msema kwa tahajia."

Mwezi wa kampeni nilihesabu.
Siku thelathini na moja; maji, siku nne.
Safu mbili, bila kivumishi.
Nikaziacha nambari zikae pale
kama wageni waliokataa chai.

Jumamosi wakaja vijana watatu na miko ya kukwangulia rangi.
Mmoja nilimtambua:
yoyote, yoyote, yoyote.
Amepata.
"Ni kazi, dada," akasema, bila kuniangalia. "Mia tano."
Nikamwambia aanzie chini,
gundi yangu hulegea upesi upande huo.

Usiku nilisogeza meza ya cherehani nyuma ya mlango.
Msiniite jasiri; niliogopa mpaka tumbo likauma.
Nilijiuliza ni nani aliyenituma.
Kuna aandikaye kwa kuwa ana neno
na kuna aandikaye kwa kuwa kunyamaza kunamwasha,
na saa tisa za usiku, kwa mwanga wa simu,
wawili hao wana uso mmoja.

Kulipokucha, ukuta ulikuwa umeoza kote
isipokuwa pale walipokwangua:
mstatili mweupe, msafi kama shuka la hospitali.
Watu wakasimama kuusoma.
Mutheu aliusoma, kijiko cha mafuta mkononi.
Odera alisimama muda uleule anaotumiaga
kumaliza ukurasa mzima.
Kerubo akatoa kalamu yake,
akautazama juu, akautazama chini,
hakuona kosa.
Akaweka alama ya vyema, ndogo, pembeni,
akaenda zake kununua sukari.

Leo ni Alhamisi. Naandaa ukurasa.
Goti bado. Mazishi yamekwisha, deni halijakwisha.
Paka amepatikana, na Odera anataka iandikwe hivi:
Waziri amerudi. Amenenepa. Hasemi alikokuwa.
Chini zimebaki nafasi za vidole vinne
na sijajua nitasema nini.
Gundi inataka kikombe kimoja cha maji.
Nimekiazima kwa Mutheu.